Ungenijia Mwezi wa Saba

Akina mama wenzangu, ninyi mnaoishi sehemu za joto mtaniwia radhi nikianza na habari ya hewa. Januari ya Ufipa haifanani na Januari ya pwani. Huku juu tuko kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mwezi huo ni wa mvua, tope na ukungu. Ukimsindikiza mtoto mlangoni asubuhi, akifika kwenye mti wa pili humwoni tena. Milima ya Mbizi, ambayo siku nyingine inaonekana kama iko uani kwako, inakuwa kama haikuumbwa. Watoto wetu wanavaa sweta juu ya shati la shule, na juu ya sweta wanavaa ule mfuko wa nailoni unaotoka ndani ya gunia la mbolea, umetobolewa mahali pa kichwa na mikono. Viatu wanavibeba mkononi mpaka wafike shuleni, maana tope la kwetu halina adabu.

Januari pia ni mwezi wa njaa. Sisemi njaa ya kutangazwa redioni. Nasema ile ambayo kila mama wa Kifipa anaijua bila kuambiwa: mahindi shambani yamefika kiunoni, mabichi, hayajatoa hata ndevu, na ghalani panya wanapishana bila kugusa kitu. Kuanzia hapo mpaka maboga na mahindi ya kuchoma yatakapopatikana, mama anapima unga kwa kikombe, na mezani anajifanya hana hamu ya kula.

Na mwezi huo huo ndipo shule zinapofunguliwa. Sweta, madaftari, kalamu, na mchango wa chakula cha shule. Nimeishi na jambo hili miaka mingi bila kuliona kuwa ni jambo. Nililiona mwaka 2023, na aliyenionyesha ni mtoto wa miaka tisa.

Nina watoto wanne. Wakubwa wawili wameshaanza maisha yao. Wadogo wawili wanasoma shule ya msingi ya hapa kwetu, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Sumbawanga mjini. Jina la shule naliacha, kwa sababu nitakayoyaeleza yanatuhusu sisi wazazi kuliko walimu. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya chakula ya wazazi, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, daftari la michango nilikabidhiwa mimi. Msinione mwenye majivuno nikisema nililipenda lile daftari. Nilichora mistari kwa rula. Aliyetoa mchango nilimwekea alama ya vema kwa kalamu ya bluu, asiyetoa nilimwekea alama ya X kwa kalamu nyekundu.

Mnajua kwamba kuanzia Januari 2016 Serikali ilizuia michango ya lazima katika shule za msingi. Lakini chakula cha mchana kimebaki mikononi mwetu wazazi, tukubaliane wenyewe katika mikutano. Sisi tulikubaliana Novemba 2022: kila mtoto debe moja la mahindi na sado moja ya maharage, vipokelewe shule zikifunguliwa, ili watoto wapate makande saa saba mchana. Mkutano ule tulikuwa watu 23, wanawake 20. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza na wanaume walikuwa wanapanda. Mtu mmoja akauliza, na asiyetoa je? Mwingine akajibu kwamba mtoto wake asile, ndipo mzazi atatia akili. Tulinyoosha mikono. Mkono wangu ulikuwa miongoni mwa ile mikono.

Mtu wa mbali atashangaa kusikia habari ya mtoto kukosa makande Ufipa. Tangu zamani Rukwa imetajwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa inayoilisha nchi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ana maghala hapa Sumbawanga, na ukipita wakati wa mavuno utaona malori yamepanga foleni. Hata hivyo utafiti wa afya ya uzazi na mtoto uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka 5 wamedumaa, wakati kwa nchi nzima ni 30 katika kila 100. Siku niliposikia hesabu hiyo kliniki nilidhani muuguzi amekosea mkoa.

Hakukosea. Sisi wenyewe tunajua jinsi inavyokuwa. Juni na Julai mahindi yanaingia nyumbani, na wanunuzi nao wanaingia kijijini na magunia yao ya lumbesa. Baba ana deni la mbolea, kijana wa sekondari anahitaji godoro na ndoo, kuna bati la kuezekea, kuna harusi tatu kabla ya Septemba na zote ni za ndugu. Tunauza. Tunauza kwa bei ya Julai, wakati kila mtu anauza. Halafu Februari tunanunua kwa sado, mahindi yale yale, kwa bei ambayo sitaki kuiandika. Tena mwaka ule wa 2023 bei za mahindi zilikuwa zimepanda nchi nzima, hata watu wazima walikuwa wanaulizana kama wamesikia vizuri.

Basi, ilikuwa katikati ya Februari. Debe za wazazi wengi zilikuwa zimeshafika, majina 47 bado yalikuwa na X. Mwalimu wa zamu akaomba daftari langu, nikampa. Kengele ya mchana, ambayo kwetu ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, ilipogongwa, alisoma yale majina na kuwaambia watoto hao wasipange mstari. Mimi sikuwepo. Nilisikia jioni kwamba kazi imefanyika vizuri na kwamba wazazi kumi tayari wameanza kutafuta mahindi. Nilifurahi, nawaambia kweli.

Siku nne baadaye mwanangu wa darasa la tatu alirudi nyumbani akiwa na doa kubwa mfukoni mwa sweta. Sweta lile nililinunua sokoni Sumbawanga baada ya kuzunguka mitumba nusu ya siku, na lilikuwa halijamaliza mwezi. Nilianza kufoka kabla hajavua. Nikaingiza mkono mfukoni nikakuta mahindi na maharage yamepondeka, yamelowa mchuzi, na uzi wa sweta umeshikana kama ubwabwa.

"Hiki nini?"

Akanyamaza. Nikamtisha kidogo, ndipo akasema anampelekea rafiki yake. Ni mtoto ninayemfahamu, walianza darasa la awali pamoja na huwa wanapitiana asubuhi. Alisema rafiki yake hakai tena uwanjani wakati wa chakula, anakwenda nyuma ya choo.

"Nyuma ya choo kuna nini?"

"Kule harufu ya makande haifiki, Mama."

Nilikaa kwenye kigoda. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu siku ya kwanza. Mtoto aliniangalia, wala hakuwa na jeuri, akasema tu kama mtu anayejibu swali la hesabu: "Si wewe uliyemwandika?"

Usiku nililifungua daftari. Mistari ilikuwa imenyooka kama nilivyoichora. Nikayasoma yale majina 47 polepole, na kwa kila jina la mtoto nikamwona mama yake. Huyu tulikuwa naye wodi ya wazazi usiku mmoja. Huyu tuko naye jumuiya moja, tunasali nyumbani kwake kila zamu yake ikifika. Huyu mume wake alichimba kaburi la baba mkwe wangu. Hakuna hata mmoja ambaye ningeweza kusema ni mvivu. Baba watoto akaniuliza kwa nini sizimi taa, mafuta yanaisha. Nikamwambia natafuta hesabu iliyopotea.

Jumamosi nilikwenda kwa mama wa yule mtoto. Nyumbani sikumkuta. Watoto wakanionyesha shambani, nikamkuta peke yake, anapiga ntumba. Kwa wale msiokuwa wenyeji nieleze kidogo. Mvua zinapokaribia kuisha, sisi Wafipa tunafyeka majani, tunayarundika, tunayafunika kwa mabonge ya udongo yaliyogeuzwa juu chini, mpaka panakuwa na kilima cha mviringo. Hiyo ndiyo ntumba. Juu yake tunapanda maharage. Ndani yake majani yanaoza taratibu, na mvua mpya zikija mwishoni mwa mwaka tunaitawanya ile ntumba na kupanda mahindi au ulezi. Kazi yenyewe inavunja mgongo. Inafaa watu wawili, mmoja afyeke na mwingine afunike. Yeye alikuwa mmoja. Mume wake alikuwa ameteremka bonde la Rukwa tangu Januari kutafuta vibarua katika mashamba ya mpunga.

Aliniona, akaweka jembe chini, akainama kidogo na kupiga makofi taratibu kama desturi yetu ya kusalimia. Mimi niliyekuja na hatia ndiye niliyesalimiwa kwanza. Nilishindwa kuanza. Nikachukua fyekeo lake lililokuwa pembeni nikaanza kufyeka, naye akaendelea kufunika. Tulifanya ntumba nne hivi bila kusema la maana. Ya tano nikamwambia habari ya mfuko wa sweta.

Hakulia wala hakunigombeza. Alijua kwamba mtoto wake hali, lakini ya nyuma ya choo hakuyajua. Alisimama ameegemea mpini muda mrefu. Kisha akasema: "Mama mwenzangu, ungenijia mwezi wa saba."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Mwezi wa saba nilikuwa na magunia sita sebuleni, watoto wanalala juu yake. Ungekuja na debe lako ningekujazia hata mawili, nikakupa na maharage. Hukuja. Mmekuja Januari. Januari debe moja ni siku zangu nane za kibarua, na nikienda kibarua siku nane, hizi ntumba anapiga nani?"

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Yalikuwa rahisi mno, na ndiyo maana yaliniuma. Shule inahesabu mwaka wake kuanzia Januari kwa sababu Serikali inahesabu hivyo, na kalenda ya ukutani inahesabu hivyo. Nyumba ya Kifipa inahesabu mwaka wake tangu mavuno. Sisi kamati, ambao sote ni wakulima, tulikuwa tunakwenda kudai mahindi katika mwezi ambao hata sisi wenyewe hatuna, halafu tunawaita wenzetu wakaidi. Mimi debe langu lilitoka wapi? Lilitoka katika mshahara wa mwanangu mkubwa aliyeko Mbeya. Kumbe alama yangu ya bluu nililipiwa.

Katika miaka ya 1980, nilipokuwa nasoma mimi, mzazi hakuulizwa chochote. Ilikuwa bado ni ile Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967, shule ina shamba, na kila mtoto anabeba jembe kama anavyobeba daftari. Tulilima kweli kweli, na tulikula kilichopatikana, kikipatikana. Sisemi zamani kulikuwa kuzuri. Mikono ilitoka malengelenge na mahindi mengine hatukujua yaliishia wapi. Lakini angalau lile shamba lilifuata mvua.

Nilimweleza Mwalimu Mkuu. Kwanza alisitisha lile jambo la kusoma majina, siku hiyo hiyo, na mpaka shule zikafungwa Juni watoto wote walikula, ingawa sufuria liliongezewa maji na siku nyingine hapakuwa na kitu kabisa. Kisha akasema tuite mkutano wakati ambao akina baba watapatikana. Huo ni mwezi wa sita, mavuno yamepamba moto na baridi inauma. Ninyi mnaofikiri Tanzania yote ni joto, njooni Ufipa Juni jioni.

Nyumbani haikuwa rahisi. Nilipomwambia baba watoto kwamba nitasimama mkutanoni niseme habari ya sweta, alikataa. "Mambo ya mfukoni mwa mtoto yanapelekwa kwenye mkutano? Unataka kututangaza?" Nikanyamaza siku mbili. Siku ya tatu nikampa lile sweta alishike mwenyewe. Doa lilikuwa bado lipo, maana maharage yakiingia kwenye sufi hayatoki. Hakusema ndiyo, ila hakusema tena hapana.

Mkutano ulifanyika Jumamosi ya mwisho ya Juni 2023. Akina baba walikaa upande wao wamejifunika makoti, sisi upande wetu na vitenge na watoto migongoni. Nilisimama nikaeleza yote, na kwamba daftari ni langu na mkono niliunyoosha. Magoti yalitetemeka kuliko siku ya ndoa yangu. Nilipomaliza kukawa kimya, halafu akasimama mama mmoja, mwenye hasira. Akasema yeye Januari aliuza kuku wake wa mwisho ili mtoto wake aandikwe bluu. Leo tunasema asiyetoa naye ale. Je, kuku wake nani atamrudishia? Watu wakaguna. Hakuna aliyemjibu sawasawa, na mimi mpaka leo sina jibu la kumtosheleza. Nilimwona alivyokaa chini, amekaza kitenge mabegani.

Lakini mazungumzo yalifunguka hapo. Tulikubaliana kila kaya itoe debe moja, si kila mtoto, na lichukuliwe mlangoni mwezi wa saba wakati kila nyumba ina chakula. Asiye na shamba atoe kazi: kuni, maji, au kufyatua tofali. Na mtoto hatatolewa kwenye mstari; deni ni la watu wazima na litafuatwa nyumbani kwa watu wazima. Hoja ya mwisho ndiyo iliyopigiwa kelele nyingi, na ilipita kwa mikono michache zaidi kuliko nilivyotegemea.

Baba mmoja akacheka. "Mahindi ya Julai yakae mpaka Februari? Mtawalisha dumuzi." Alikuwa na haki. Dumuzi akiingia katika mahindi, baada ya miezi mitatu unabaki na vumbi. Mama mmoja muuza nafaka sokoni akaeleza habari ya ile mifuko isiyopitisha hewa: mahindi yakikaushwa vizuri na mfuko ukafungwa barabara, wadudu wanakosa pumzi wanakufa bila dawa. Mwingine akauliza habari ya wezi, kwa kuwa miaka ya nyuma magunia mawili yalipotea na hakuna aliyejua yalikokwenda. Ikaamuliwa stoo iwe na kufuli tatu, ufunguo mmoja kwa Mwalimu Mkuu, mmoja kwa serikali ya kijiji, mmoja kwa mama atakayechaguliwa na akina mama. Mwenyekiti akasema funguo tatu ni nyingi. Akina mama tukasema ndizo tunazozitaka.

Julai ile sitaisahau. Kila Jumamosi mkokoteni ulizunguka vitongoji. Maksai walikuwa wa nani? Wa baba watoto, yule yule wa usinitangaze. Alitembea mbele na fimbo yake kama mtu anayekwenda kuposa. Watoto wa darasa la tano na la sita walifuata nyuma wakipiga madebe matupu, na mwalimu wao wa hesabu akawapa kazi ya kuandika: debe ngapi, gunia ngapi, kilo ngapi, zinatosha watoto 412 kwa siku ngapi kila mmoja akila gramu 100. Nilisikia mtoto mmoja akimsahihisha baba yake mlangoni kwamba debe halijajaa vizuri, atikise. Baba akatikisa. Wazee waliokuwa hawajawahi kukanyaga shuleni walikuja kuangalia mkokoteni unashushwa, wakabaki kupiga stori ukutani kwenye jua, maana mwezi wa saba jua la mchana ni kama blanketi.

Tulipofika kwa yule mama wa ntumba, mume wake alikuwa amesharudi kutoka bondeni. Alitoa debe moja, kisha akarudi ndani akatoa nusu nyingine. Nikamwambia ni debe moja tu kwa kaya. Akasema nusu ni ya Januari. Nikamwambia deni la Januari halipo, tulilifuta. Akanitazama. "Liandike," akasema. Nikaandika.

Tulipata magunia 34. Agosti akina baba walichoma tofali na Septemba, upepo ukiwa unapeperusha majivu ya mbuga zilizoungua, wakaisimamisha stoo. Ilikuwa wiki ya mtihani wa darasa la saba, kwa hiyo nyundo ziligongwa jioni tu. Novemba mvua zikafika, watoto wakakimbilia kumbikumbi badala ya darasa, na kama kila mwaka wengine walibaki nyumbani kulea wadogo zao mama akipanda. Hilo hatujaliweza bado. Magunia matatu tuliyafungua Desemba tukayakuta yameota ukungu, yalifungwa kabla hayajakauka. Kulikuwa na maneno, kwamba yakioshwa yatafaa. Mama mwenye ufunguo alikataa katakata kwa sababu ya sumukuvu, nayo yakafukiwa. Kaya 19 hazikutoa kitu, na si zote zilikuwa na sababu. Maharage ndiyo yaliyopungua zaidi, kwa sababu maharage yana soko.

Kwa ajili hiyo Machi 2024 tulipiga ntumba katika shamba la shule ili tupande maharage yetu. Bibi mmoja alikuja na jembe lake mwenyewe, akawafundisha watoto kwamba majani yalale chini, udongo uliogeuzwa juu, wala usikanyage. Mwalimu mmoja kijana ambaye si mwenyeji alipiga yake ikaporomoka, watoto wakacheka hadi wakakaa chini. Yule mama aliyeuza kuku alikuja pia. Hakuniongelesha, lakini alipiga ntumba kumi na moja, nilizihesabu.

Siku ile ile ilikuwa zamu yangu ya kumsaidia mpishi. Mvua ilianza saa sita. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ulitutoa machozi, makande yakachelewa na kengele ikagongwa hayajaiva vizuri. Watoto walipanga mstari chini ya upenu wa darasa, wote, na mabakuli yao. Nilipomaliza kupakua nilichukua mwavuli nikazunguka uwanja, nikaenda mpaka nyuma ya choo. Nilimkuta mbuzi wa mwalimu, amejikinga mvua, anatafuna. Nikamfukuza akakataa kuondoka. Nikarudi jikoni, maana moto ulikuwa unazimika na walimu walikuwa bado hawajala.